Vifaa vya kumlinda mtoto nyumbani: gundi imeniangusha, skrubu imenisitiri

Mwanangu alianza kutembea akiwa na miezi 11, na wiki haikuisha kabla hajajua kupanda. Nikaagiza seti ya vifaa vya usalama, vipande zaidi ya 30 katika boksi moja: kufuli za kabati, sponji za kona za meza, vifuniko vya soketi na mikanda miwili ya kufungia samani ukutani. Geti la ngazi nililinunua peke yake. Miezi 8 imepita sasa, kwa hiyo haya siyo maoni ya siku ya kufungua boksi.

Nianze na sponji za kona, maana ndizo zilizonitia hofu. Zinabandikwa kwa gundi ya pande mbili. Maelezo yalisema nifute meza kwa spiriti kisha niziache saa 24 zishike, na nilitii yote. Siku ya tatu mtoto kajificha chini ya meza, kimya. Wazazi mnaujua ukimya wa namna hiyo. Nilipochungulia, kona moja imebaki alama ya gundi tu, na shavu la bwana mdogo limetuna. Nilimtoa mdomoni kipande cha sponji kisichozidi kidole gumba changu, kina alama za meno yake manne. Kitu nilichonunua ili asipate nundu kilikuwa kinaelekea kumkaba koo.

Jioni ile nilichukua lile bomba la ndani la karatasi ya chooni nikaanza kupima. Kitu chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Sponji zote nane zilipita bila hata kugusa pembeni. Nimezitupa, na meza yenyewe imehamia chumbani kwetu.

Vifuniko vya soketi sijavitumia kabisa. Soketi zetu ni zile za matundu matatu ya pembe nne, ambazo ndani zina vilango vidogo vinavyoziba njia ya umeme. Pini ndefu ya juu, ile ya waya wa ardhi, ndiyo huvifungua. Sasa ukichomeka kifuniko cha plastiki chenye pini hiyo, umevifungua kwa mkono wako mwenyewe, na kikichomekwa juu chini matundu ya umeme yanabaki wazi mbele ya mtoto. Uingereza, soketi hizi zilikotoka, idara ya afya ilitoa tahadhari dhidi ya vifuniko hivyo mwaka 2016. Kama soketi zako ni za aina nyingine, hilo ni jambo jingine.

Kufuli za kabati zilikuwa za aina mbili. Za kubandika zilidumu mpaka mvuke wa jikoni ulipozilegeza. Za sumaku, ambazo nilizifunga kwa skrubu upande wa ndani wa mlango, hazijatikisika hadi leo. Hazionekani kwa nje, na kabati halifunguki mpaka uweke sumaku mahali pake hasa. Mama mkwe alipokuja kututembelea alihangaika na kabati la sabuni hadi akaniita: "Baba, hizi kabati zenu mmezizindika?" Kasoro yake ni kwamba sumaku ikipotea, nawe umefungiwa nje. Yetu inakaa juu ya friji. (Na mkoba wa mama mkwe, wenye dawa zake za presha, nao tumeupa nafasi huko huko juu. Alinuna kidogo, yakaisha.)

Geti la ngazi nimelinunua mara mbili, na kosa ni langu. La kwanza lilikuwa la kubana tu kati ya kuta mbili, bila kutoboa. Karatasi yake ilisema wazi lisiwekwe juu ya ngazi. Nikajiambia ukuta wangu ni imara. Mtoto alilishika kwa mikono miwili akawa analitikisa kila siku, plasta ikaanza kumomonyoka, mguu mmoja ukateleza. Isitoshe lina chuma kinachopita sakafuni, na mimi mwenyewe nilijikwaa hapo nikiwa na beseni la nguo. La pili ni la skrubu, halina chuma cha chini, na nimelifunga lifunguke upande wangu, si upande wa ngazi. Nafasi kati ya nondo na nondo haifiki sentimita 6, kwa hiyo kichwa hakipenyi.

Kilichorudisha gharama yote ni mkanda wa kabati la nguo. Asubuhi moja alivuta droo tatu za chini akazifanya ngazi. Nilikuwa mlangoni, hatua nne hivi. Niliona kabati likiinama, chupa ya losheni ikateleza juu yake ikaanguka, halafu nikasikia "tak", mkanda ukakaza. Kabati likasimama limeinama hivyo hivyo, yeye kaning'inia kwenye droo ya pili akinicheka. Lakini nisifiche: skrubu zilizokuja na mkanda zilikuwa fupi mno, zingeishia kwenye plasta. Nilikuwa nimezibadilisha kwa ndefu, pamoja na vile vidude vya plastiki vya kuzishika ndani ya ukuta. Ningezitumia za boksini, sidhani kama ningekuwa na hamu ya kuandika haya.

Kuna mambo ambayo seti haikugusa kabisa. Ndoo ya kudekia, kwa mfano: maji ya sentimita 5 tu yanatosha kumzamisha mtoto aliyetumbukia kichwa, kwa hiyo yetu haibaki na maji hata dakika moja. Na zile betri bapa za duara za rimoti ndogo: ikimezwa inaweza kuchoma koo vibaya ndani ya saa 2. Rimoti yenye kifuniko cha kusukuma tumeiondoa, imebaki yenye kifuniko cha skrubu.

Ningenunua tena? Mikanda, kufuli za sumaku na geti la skrubu, ndiyo, ila kimoja kimoja, si seti. Geti nadhani litatufaa miezi michache tu. Juzi nimemkuta amesimama mbele yake, kidole gumba juu ya kitufe, mkono wa pili unatafuta pa kuinulia.