Pacha wangu alikuwa mzima siku niliyokuwa nikikosa pumzi

Nimetumia huduma ya pacha wa kidijitali wa afya kwa zaidi ya mwaka, na nilipoketi kuandika uzoefu huu nilikuwa nimekwisha amua kumwambia kila msomaji asijiunge nayo. Hasira imepungua kidogo tangu hapo, lakini haijaisha, na naamini nina haki ya kuwa nayo.

Nina pumu tangu utotoni. Ahadi ya huduma hii ilinigusa kwa sababu hiyo: kwamba jiji lililojaa vihisi vya hewa kwenye nguzo za taa, likiunganishwa na saa ya mkononi mwangu na orodha ya dawa ninazotumia, lingenijengea mfano wangu ndani ya kompyuta, mfano unaovuta hewa ile ile ninayoivuta katika barabara zile zile ninazopita, ili nionywe kabla kifua hakijabana. Habari za saa yenyewe, betri yake na rangi zake, sitazieleza, kwa kuwa zote zimo katika maelezo ya wenye huduma.

Miezi michache iliyopita walikuwa wakibomoa jengo upande wa pili wa barabara yetu. Asubuhi moja niliamka nikisikia mluzi kifuani, na vumbi lilikuwa limetanda juu ya kioo cha dirisha kiasi kwamba ningeweza kuandika jina langu kwa kidole. Nikafungua programu. Pacha wangu alikuwa wa kijani kuanzia kichwani hadi miguuni, na chini yake paliandikwa kwamba hewa ya eneo langu ni safi na kwamba naweza kufanya mazoezi nje. Nikachukua kipima pumzi changu cha plastiki, kile chenye mshale mwekundu, nikapuliza mara tatu. Mshale haukupita 200, wakati nikiwa mzima hufika 420. Kliniki tulifundishwa kwamba ukishuka chini ya nusu ya kiwango chako bora umeingia eneo jekundu, na hapo hakuna cha kusubiri. Nikavuta inhela, nikavuta tena, mluzi ukabaki pale pale. Ndipo nikabonyeza kitufe cha msaada, ambacho ndicho hasa nilichokuwa nikikilipia.

Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio uliozidi kuniumiza.

"Mama, nakuona hapa kwenye skrini," akasema. "Pacha wako yuko vizuri kabisa. Oksijeni ya damu asilimia 96, mapigo ya moyo si mabaya. Hebu tulia kwanza, huenda ni wasiwasi tu."

Nikamjibu kwa maneno yaliyokatika vipande kwa kukosa pumzi: "Mwanangu, mimi ndiye ninayeumwa, si huyo unayemwona."

Akaniambia kwamba mfumo haujatoa tahadhari yoyote, na pasipo tahadhari hawezi kuniunganisha na muuguzi, kisha akanishauri ninywe maji na nipige tena baada ya nusu saa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu alikuwa akinisimulia kitanda changu mwenyewe, nami nimekilalia. Jirani ndiye aliyenifikisha hospitali, nikavalishwa barakoa ya mvuke wa dawa, na daktari hakuuliza habari za pacha. Aliweka kifaa chake cha kusikilizia mgongoni mwangu, akaniambia nivute pumzi, akajua.

Hiyo 96 iliyomtosha yule kijana, mgonjwa yeyote wa pumu angemweleza ilivyo. Mwili uliobanwa hupumua kwa nguvu zaidi ili kufidia, na kwa hiyo oksijeni ya damu huweza kuonekana nzuri kwa muda mrefu. Inaposhuka, mambo yamekwisha haribika. Isitoshe, vifaa vinavyopima oksijeni kwa mwanga kupita kwenye ngozi vina kasoro inayojulikana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulipita bila kugunduliwa na vifaa hivyo kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Ngozi yangu ni nyeusi, na katika fomu ndefu niliyojaza siku ya kujiunga sikuulizwa jambo hilo hata mara moja.

Kuhusu hewa, nilipata maelezo baada ya kuandika barua nyingi. Kituo cha kupimia kilicho karibu nami kilikuwa kimeacha kutuma vipimo siku kadhaa kabla, na mfumo ulijaza pengo hilo kwa makadirio kutoka vituo viwili vya mbali ambako hakuna jengo lililokuwa likibomolewa. Sipingi makadirio, kwa kuwa hakuna jiji linaloweza kuweka kihisi mbele ya kila mlango. Ninachokipinga ni kwamba hewa iliyokadiriwa ilichorwa kwa kijani kile kile cha hewa iliyopimwa, bila alama, bila neno, hata mimi na yule kijana tusijue kwamba tunatazama jambo la kubahatisha.

Wazo la pacha wa aina hii lilitoka viwandani. Mtaalamu wa Marekani, Michael Grieves, alilieleza mwaka 2002 huko Michigan, Marekani, akizungumzia bidhaa na maisha yake tangu kubuniwa hadi kutupwa, na kwa injini au pampu ni wazo zuri mno, kwa sababu injini haina mdomo na bila vihisi haiwezi kukueleza inapouma. Wengi hupenda kutaja pia chombo cha anga cha Apollo 13 mwaka 1970, ambapo wahandisi waliokuwa duniani walitumia mitambo ya kuigiza safari ili kuwarudisha wanaanga watatu baada ya tangi la oksijeni kulipuka. Lakini wanaanga wale walikuwa kwenye redio, wakieleza wanachokiona, na walio chini wakawasikiliza. Mimi pia nilikuwa kwenye simu.

Ni lazima niseme na jema lake. Wakati fulani kabla ya mkasa huu, pacha huyu huyu aliniambia kwamba mapigo yangu ya usingizini yamepanda kwa siku mbili mfululizo na kwamba nipunguze safari. Nikapunguza, na siku ya tatu homa ikanishika nikiwa nyumbani, dawa ziko karibu. Mara kadhaa amenielekeza njia yenye magari machache, nikafika bila kukohoa. Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba jiungeni, ila msitupe vipima pumzi vyenu, na nilikwisha kuiandika sentensi hiyo.

Nimeifuta. Juzi nilifungua kumbukumbu za mwaka mzima ili nimpelekee daktari wangu, nikaitafuta siku ile. Imeandikwa kuwa siku njema, kijani tupu, asubuhi hadi usiku, ijapokuwa nusu yake niliipitisha chini ya barakoa. Nikaomba irekebishwe, nikaambatisha karatasi ya hospitali, na jibu likaja kwamba mteja hawezi kubadilisha kumbukumbu zilizopita kwa sababu ndizo mfumo unazojifunzia. Maana yake ni kwamba pacha wangu amejifunza kuwa asubuhi kama ile ni salama kwangu, na ikirudi ataniambia tena nikafanye mazoezi nje. Kwa hiyo, kwa mwenye pumu anayeniuliza leo, jibu langu ni asijiunge, hadi siku ile iandikwe ilivyokuwa.