Laringoskopu ya kamera: kazi inaijua, chaja yake ni balaa

Mimi ni mtu wa dawa za usingizi, nafanya thieta hapa Lamu, na nimejizuia siku nyingi nisiandike haya.

Laringoskopu ni kifaa cha kufungulia koo ili tuingize tyubu, mpira wa kupitishia hewa ya mgonjwa. Nianze na haki yake. Bleidi ya zamani, yaani bapa linaloingia mdomoni, ile ya Macintosh ya tangu 1943, inakutaka uinue ulimi na taya mpaka jicho lako lifike kwenye nyuzi za sauti. Mgonjwa akiwa amevimba, huoni kitu. Hiki cha kisasa kina kamera karibu na ncha ya bleidi. Kuna mama aliletwa usiku kwa boti kutoka upande wa Faza, kifafa cha mimba, uso na koo vimejaa maji. Kwenye skrini nikaliona zoloto lote, mlango wa njia ya hewa, tyubu namba 6.5 ikapita mara moja. Nilikipenda siku ile, wallahi.

Sasa sikilizeni. Juzi juzi kaletwa kijana aliyeanguka mnazini, shingo imefungwa kola, haifai kukunjwa hata kidogo. Nimeshampa oksijeni, dawa ya kulegeza misuli imeshaingia, yaani hapumui tena mwenyewe. Naingiza bleidi, nyuzi za sauti naziona zile pale, na skrini ikazima. Giza! Taa ya betri ilikuwa kijani dakika ile ile. Muuguzi akamshika kichwa kisisogee, nikarudi kwenye bleidi ya zamani na buji, kijiti chembamba cha kuongozea tyubu, nayo ikaingia. Kijana ni mzima. Lakini ubongo ukikosa oksijeni dakika chache tu unaanza kufa, na kifaa cha kazi hii hakina ruhusa ya kudanganya kuhusu betri.

Kumbe pini za chaja zimeota kutu ya kijani. Betri imefungiwa ndani, huwezi kuitoa, na chaja ni ya watengenezaji wake peke yao. Bleidi ya zamani inakula betri za kawaida, duka lolote la Mkomani zipo.

Nikampigia wakala wao. Akaniambia, "Madam, kwa nini mnaweka kifaa mahali penye unyevu?" Mahali penye unyevu! Lamu ni kisiwa, bwana. Hata kufuli za milango zinaliwa na chumvi. Nikamuuliza nifanyeje, akasema nikipeleke Nairobi, akakata simu. Boti mpaka Mokowe, basi, kisha kusubiri, na wagonjwa huku wasubiri nini?

Jambo jingine ambalo wauzaji hawakwambii: bleidi iliyopinda sana inakuonyesha njia vizuri lakini tyubu haifuati, lazima uitie waya uupinde vilevile. Hilo mtu hujifunza. La betri halifunziki.

Nilikaa chini nikitaka kuandika msikinunue kabisa. Nyota moja. Nikimkumbuka yule mama natoa tatu, nikiisikia sauti ya yule wakala narudi kwenye moja. Basi iwe mbili. Wanaotengeneza vifaa hivi waje walale hapa msimu wa kusi, wakiache mezani dirisha wazi, kisha wakiwashe. Wakiniletea chenye betri ya kubadilisha nitakipokea leo hii, hata skrini yake ikiwa ndogo kama kibiriti. Cha muundo huu huu, sikitaki tena thieta kwangu.