Guild Wars 2: gemu inayokuacha ukosee bildi mpaka upate ya mikono yako

Kila mtu anayejua nacheza Guild Wars 2 ananiuliza swali lilelile, nianze na nani, bildi (mpangilio wa silaha, uwezo na mavazi ya mhusika) gani kali. Nimeona niandike kwa urefu maana jibu la mstari mmoja linapotosha, mimi mwenyewe lilinipotosha mwanzoni na nikapoteza wiki kadhaa.

Gemu hii ya mtandaoni ilitoka Agosti 2012, waliotengeneza ni ArenaNet, na tangu 2015 ile ya msingi ni bure, unafika mpaka levo 80 bila kulipa chochote na hakuna malipo ya kila mwezi. Unacholipia ni nyongeza zake zinazokuja na ramani mpya na fani za juu, yaani matawi ya ziada ya fani (aina ya mpiganaji) yako. Levo 80 ndo mwisho tangu siku ya kwanza mpaka leo, hawajawahi kuipandisha, na mi naona hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwa mtu anayejali bildi, kwa sababu silaha nzuri uliyoihangaikia miaka ya nyuma haijageuka takataka, unaikuta palepale, kwa hiyo muda wako unaenda kwenye kujifunza kupigana na sio kufukuzana na namba.

Fani zipo 9, makabila 5. Kabila we chagua sura inayokupendeza tu, kwenye vita halina uzito. Fani ndo usikurupuke maana ukishaingia nayo haibadiliki, ukitaka nyingine unatengeneza mhusika mwingine kuanzia chini.

Sasa bildi yenyewe inavyokaa. Una vitufe 10 vya kupigania. Vile 5 vya kwanza vinatoka kwenye silaha uliyoshika, ukibadilisha silaha vinabadilika vyote, kwa hiyo mtu mwenye fimbo na mtu mwenye daga wanaweza kuwa fani moja na wakacheza kama watu wawili wasiojuana. Kimoja ni cha kujiponya, vitatu unachagua mwenyewe, na cha mwisho ni kile kikubwa unachokitunza kwa saa ya shida. Juu ya hapo unabeba mistari 3 ya sifa, yaani uwezo unaofanya kazi wenyewe bila kubonyeza kitufe, na kila mstari unachagua sifa 3, na fani ya juu ukiwa nayo inakaa mstari wa tatu tu, huwezi kubeba mbili kwa pamoja. Yote haya unabadilisha bure, muda wowote ambao haupo vitani. Bure kabisa! Niliwahi kucheza gemu nyingine ya mtandaoni ambayo kurudisha pointi ulizokosea ilikuwa kwa hela halisi, nikakaa na mpiga upinde aliyeharibika miezi mitatu nzima kwa sababu nilibonyeza vibaya levo ya 20, tangu hapo kitu cha kwanza nachoangalia kwenye gemu ya aina hii ni kukosea kunagharimu nini.

Kilichonipotosha ni hiki. Niliangalia nani anatoa dameji kubwa (madhara kwa adui), nikaona Weaver yuko juu, ambaye ni fani ya juu ya Elementalist, basi nikachukua Elementalist nikampandisha mpaka 80 nikamvalisha kila kiungo mavazi ya Berserker, yale ya kuongeza nguvu ya kupiga. Weaver kwa asiyemjua anacheza na moto, maji, hewa na ardhi, ila yeye anashika elementi mbili kwa wakati mmoja. Ukihama kutoka moto kwenda hewa, kitufe 1 na 2 vinakuwa vya hewa, 4 na 5 vinabaki vya moto, na 3 ni mchanganyiko wa zote mbili, halafu ukihama tena kila kitu kinasogea, na baada ya kila kuhama lazima usubiri kidogo ndo uweze kuhama tena. Yaani kichwani unatakiwa ujue ulikotoka, ulipo na unakoenda, wakati huohuo unamtazama bosi miguu yake inafanya nini. Na Elementalist ni miongoni mwa wenye damu (uhai) chache kuliko wote, levo 80 bila kuongeza chochote ana 11,645, Necromancer, fani nyingine, ana 19,212. Hiyo tofauti kwenye karatasi unaiona ndogo, vitani ndo tofauti ya kupigwa mara moja ukabaki umesimama au ukalala.

Kuna uwanja wa mazoezi una golemu, sanamu la kupigwa tu, pale nilikuwa vizuri kweli, namba zinapanda nafurahi. Naingia kwenye pambano lenyewe nakufa. Naingia tena nakufa. Na aliyelala chini dameji yake ni sifuri hata kama bildi yake ndo ya kwanza duniani. Golemu halikupigi, halirushi moto chini ya miguu yako, halikulazimishi ukwepe katikati ya mfululizo wako, kwa hiyo ile namba ni ya mtu aliyeachwa apige kwa raha zake. Ukiona orodha ya bildi kali kumbuka mara nyingi imepimwa hivyo.

Nikahamia Necromancer mwenye fani ya juu ya Reaper, na hapa ndo nilielewa maana ya staili ya kucheza. Reaper ana upanga mkubwa, anapiga polepole, kitufe chake cha 2 anainua upanga mpaka unaona kabisa anachelewa, halafu unatua. Adui akishashuka chini ya nusu ya damu, hicho kitufe kikimpata kinarudi mapema, tayari kutumika tena, kwa hiyo nusu ya pili ya pambano unakirudia tena na tena. Na ana lile umbo la kivuli, ukiingia humo kipigo kinakula nguvu ya uhai uliyokusanya badala ya damu yako, unakuwa kama una maisha ya pili pembeni. Nguvu hiyo inaisha taratibu ukiwa ndani kwa hiyo sio pa kukaa, ni pa kuingia kwa hesabu. Mimi ni mtu wa kuangalia kwanza ndo nipige, vidole vyangu sio vya haraka, na Reaper anamlipa mtu wa hivyo. Dameji yangu kwenye mapambano halisi ilipanda ukilinganisha na ile ya Weaver, kwa sababu tu nilikuwa hai mpaka mwisho.

Rafiki yangu ninayecheza naye yeye ni kinyume, Reaper alimchosha siku mbili akasema anahisi kama anasukuma gari, akarudi kwenye Weaver na anamcheza mpaka unapenda kumwangalia. Hakuna aliyekosea kati yetu.

Sehemu inayouma ni mavazi. Sifa unabadilisha bure lakini namba zilizoko kwenye nguo na silaha hazikufuati. Bildi ya kupiga moja kwa moja inataka Berserker. Bildi ya kuua polepole kwa sumu, kuungua na kutoka damu inataka kitu kama Viper, na hicho kina gharama zaidi kukipata. Ukitoka upande mmoja kwenda mwingine unatafuta seti nzima upya. Gemu haikwambii hili mapema, mgeni anakusanya tu chochote chenye rangi nzuri (rangi inaonyesha daraja la kifaa) halafu anashangaa kwa nini hapigi. Ushauri wangu we anza na kupiga moja kwa moja, vaa zile za rangi ya chungwa, usikimbilie za pinki maana zinaizidi chungwa kwa kama asilimia 5 tu, hiyo asilimia 5 haitakuokoa kama bado hujui kukwepa. Kukwepa kwenyewe una pumzi ya mara mbili tu mfululizo, ukizimaliza kwa woga bosi akiinua mkono huna kitu. Zile silaha na nguo za kiwango cha juu kabisa, legendari, zinabadilisha namba bure vilevile, ila safari yake ni ndefu sana, kwa mgeni zisikuumize kichwa.

Kingine ambacho watu wanakidharau ni kucheza kwa ajili ya wenzako. Kwenye vikundi vya watu 5 kuna baraka mbili kila mtu anazililia, Quickness inayofanya matendo yako yawe haraka kwa asilimia 50 na Alacrity inayorudisha vitufe mapema kwa asilimia 25. Mtu mmoja akitoa mojawapo vizuri anaongeza dameji ya kundi zima kuliko ambavyo angepiga peke yake. Nilijaribu Guardian wa fani ya Firebrand, yule anafungua vitabu 3 vya moto, uponyaji na ulinzi na ndani ya kila kitabu kuna vitufe vyake, na nakumbuka pambano moja bosi amerudisha nyundo nyuma, nikatoa ngao inayozuia pigo moja kwa wote watano, nyundo ikashuka na hakuna hata mmoja aliyesogea, wakaendelea kupiga kama hakijatokea kitu. Sijawahi kujisikia vile nikiwa na bildi ya dameji.

Kila mhusika anaanza na nafasi 3 za kuhifadhi bildi na 2 za mavazi, zitumie. Mimi kwenye Reaper nafasi ya kwanza ni ya vikundi, ya pili ya kuzurura ramani peke yangu ikiwa na uhai zaidi, ya tatu naiachia majaribio, saa hizi humo nimeweka fimbo na bado sijaamua kama naipenda.