Bunduki ya Kwanza ya .22 na Darubini Yake: Mwongozo kwa Mzazi Anayemnunulia Kijana

Mzazi aliyekulia Morogoro au Machakos, ambako bunduki ni kitu cha askari au cha jambazi, hushtuka pale mwanawe wa miaka 14, aliyekulia Ohio au Minnesota, anaporudi nyumbani na kusema kwamba anataka kujiunga na vijana wenzake wa 4-H, chama cha vijana cha Marekani, katika mafunzo ya kulenga shabaha. Nchini Marekani jambo hilo ni la kawaida kama mpira wa kikapu, na mzazi akishakubali, swali linalobaki ni anunue nini bila kumaliza akiba ya nyumba. Mwongozo huu ni kwa wanaoishi Marekani tu. Anayeusoma akiwa Kenya au Tanzania ajue kwamba sheria za huko ni nyingine kabisa, tena ni kali.

Kabla ya bei kuna sheria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bunduki ndefu (isiyo bastola) mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mnunuzi ni mzazi mwenyewe, naye ndiye anayejaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, na kuchunguzwa rekodi zake. Kununua kwa fedha zako na kumpa mwanao kama zawadi kunaruhusiwa na sheria hiyo; kupokea fedha za jirani au shemeji ili umnunulie kwa jina lako ni kosa la jinai, hata kama shemeji huyo ni mtu mwema. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua, lakini aliye nchini kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa awe ndani ya misamaha iliyotajwa na sheria, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Majimbo nayo huongeza masharti yao: Illinois, kwa mfano, inakutaka uwe na kadi ya FOID (kitambulisho cha mwenye bunduki) kabla ya kumiliki hata risasi moja. Uliza katika jimbo lako kwanza, kisha ndipo uende dukani.

Aina inayomfaa mwanafunzi ni ile inayotumia risasi ndogo ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887 na ambayo baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingoni mwa ganda, si katikati kama zilivyo risasi za kuwindia wanyama wakubwa. Haimsukumi kijana begani, mlio wake ni mdogo kuliko wa bunduki kubwa, na gharama ya kufanyia mazoezi siku nzima inavumilika. Hata hivyo si kitu cha kuchezea, kwani kile kipande kinachotoka mtutuni, cha gramu mbili na nusu hivi, huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu kikikosa kizuizi, na kikampata mtu ambaye kijana hakumwona kabisa.

Nimepanga orodha yangu kwa kuangalia mambo mawili kabla ya jina la kiwanda. La kwanza ni kama bunduki inamkaa kijana mwilini. Akunje mkono wake kwa pembe ya mraba, uweke mwisho wa kitako ndani ya kiwiko, kisha utazame kama kidole chake cha shahada kinafika kwenye kifyatuo bila kujinyoosha. Kitako kikiwa kirefu mno, atainamisha kiuno nyuma ili kuubeba mzigo, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni shida kuing'oa. La pili ni namna bunduki inavyopakia risasi. Ile ya bolti, ambayo kila baada ya mlio mmoja lazima mkono uvute na kusukuma chuma ili risasi nyingine iingie, humlazimisha mwanafunzi kutulia na kufikiri. Ile inayojipakia yenyewe huwa tayari tena papo hapo, wakati mtoto bado anarukaruka kwa furaha ya kuipata shabaha.

Kwa vigezo hivyo, ninaiweka ya kwanza Ruger American Rimfire katika toleo lake fupi liitwalo Compact, lenye mtutu wa inchi 18. Ni ya bolti, magazini yake huchukua risasi 10, sefti yake (kizuizi cha usalama) iko nyuma pale kidole gumba kinapofika bila kutafuta, na sehemu ya nyuma ya kitako inaweza kubadilishwa. Hilo la mwisho ndilo lililonishawishi, kwa sababu kijana wa miaka 13 hurefuka kwa kasi ya mgomba, na kununua kipande cha plastiki ni nafuu kuliko kununua bunduki ya pili.

Ya pili ni Savage Mark II, ambayo mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko Ruger na ambayo mwenye fedha kidogo anaweza kuichukua bila majuto. Kifyatuo chake, kinachoitwa AccuTrigger, hurekebishwa uzito na mwenyewe na ni chepesi na safi kuliko unavyotarajia kwa bei hiyo. Kiwanda hutengeneza pia toleo la wanaotumia mkono wa kushoto, na kama mwanao ni wa kushoto basi kwangu hii inapanda hadi nafasi ya kwanza. Kasoro yake ni kitako cha plastiki chenye sauti ya debe tupu, na toleo la kawaida ni refu kwa kijana mwembamba.

Ya tatu ni Henry H001, bunduki ya wenzo unaovutwa chini kwa mkono. Inapendeza macho, inapakia risasi kupitia bomba lililo chini ya mtutu, na lipo toleo fupi la vijana. Naiweka chini kidogo kwa sababu kuhakikisha kwamba bomba halina risasi iliyobaki kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kuchomoa magazini na kutazama.

Wengi watashangaa kuiona Ruger 10/22 katika nafasi ya nne. Imekuwepo tangu mwaka 1964, vipuri vyake viko kila duka, na karibu kila Mmarekani aliyekulia shamba ameishika. Ni bunduki nzuri sana ya pili. Kwa wiki za mwanzo, kule kujipakia kwake ndiko ninakokukwepa. Ukiwa unayo tayari, mpe kijana risasi moja moja kwenye magazini.

Kwa mdogo wa miaka kumi hivi, au kijana mwenye umbo dogo sana, Savage Rascal inayobeba risasi moja tu inatosha, ila ataiacha upesi kama viatu vya shule.

Sasa darubini, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Kosa nililolifanya mwenyewe ni kununua darubini ya bunduki ya kulungu kwa sababu ilikuwa na punguzo. Darubini za namna hiyo hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100 au zaidi, ilhali wa .22 hulenga shabaha ya yadi 25 au 50. Matokeo yake ni kwamba jicho likisogea kidogo nyuma ya kioo, msalaba wa kulengea unaonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika, na mtoto anadhani kosa ni lake. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, iliyowekwa yadi 50. Usivutwe na ukuzaji wa mara 12 au 16: kadiri picha inavyokuzwa ndivyo kila pigo la moyo linavyoonekana, na eneo linaloonekana linavyopungua.

Chaguo langu la kwanza ni Vortex Crossfire II Rimfire ya 2-7x32 (yaani ukuzaji wa mara 2 hadi 7 na kioo cha mbele cha milimita 32), yenye kioo safi na dhamana ya maisha isiyouliza risiti. Ya pili, kwa aliyebanwa na bajeti, ni Simmons 22 Mag ya 3-9x32, ambayo huja na pete zake za kuifungia kwenye bunduki. Kioo chake hufifia jua linapozama, lakini mazoezi ya mchana hayahitaji zaidi. Leupold VX-Freedom Rimfire ni bora kuliko zote mbili, na bei yake inaweza kukaribia ya bunduki yenyewe. Kabla ya kulipa, angalia kama bunduki ina reli ya Weaver, iliyo pana, au mfereji mwembamba wa upana wa 3/8 ya inchi, maana pete za kimoja hazishiki kwenye kingine. Hata hivyo ningemwanzisha kijana kwa vilengeo vya chuma mwezi mzima, kwenye bunduki zilizo navyo, kabla ya kufunga darubini yoyote.

Tenga fedha za miwani ya kinga na vizuia sauti vya masikio, kwa kuwa hata mlio wa .22 huweza kukaribia desibeli 140. Nunua pia sanduku la chuma lenye kufuli, na namba zake kijana asizijue, hata akiwa mtiifu kiasi gani; umri huo una siku za giza ambazo mzazi haambiwi. Risasi zihifadhiwe penginepo, nazo zifungwe. Kwa lugha yetu neno risasi ni jina la madini pia, na yote mawili yanahusika hapa: akitoka uwanjani anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Usinunue katoni ya risasi 500 siku ya kwanza. Kila mtutu una risasi zinazoufaa, hata mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja, kwa hiyo chukua vikasha vya 50 vya aina tatu au nne, ikiwemo CCI Standard Velocity, uvijaribu kwa yadi 50 bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Aina itakayokusanya matundu yake karibu karibu kwenye karatasi ndiyo ya kununulia katoni.