Tahadhari: wanaouza "dozi moja ya gono" kwenye simu

Ndugu zangu, kuna wauzaji wanaopita kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook wakinadi "dozi moja inayomaliza gono, kaswende na UTI, bila kipimo, siri yako salama". Msiwape hela.

Mtu wangu wa karibu alinunua. Alichopata ni kapsuli zilizoviringishwa kwenye karatasi, hazina jina wala tarehe ya kuisha muda, na ujumbe: meza mbili leo, mbili kesho. Usaha ukapungua, akajua amepona. Baadaye ukarudi pamoja na maumivu ya korodani, na mkewe tayari alikuwa ameambukizwa. Alipolalamika akauziwa "dozi kali zaidi". Nayo iliposhindwa, muuzaji akamblock.

Dozi moja ya magonjwa yote hayo haipo. Kisonono, yaani hiyo gono, kwa sasa hutibiwa hasa kwa sindano ya seftriaksoni. Klamidia, ambayo mara nyingi huja pamoja nacho bila dalili yoyote, kwa kawaida ni vidonge vya doksisaiklini kwa siku 7. Kaswende ni sindano ya benzathini penisilini. Na kaswende ndiyo inayowapa hawa watu sifa za bure: kidonda chake hakiumi, na hupotea chenyewe ndani ya wiki chache hata usipomeza kitu. Mteja anaandika "asante daktari, kimekauka", ujumbe unapigwa picha na kuwa tangazo, huku ugonjwa unaendelea mwilini kimyakimya.

Kinachoniuma zaidi ni usugu. Dawa ikiwa pungufu au siyo yenyewe, vijidudu dhaifu hufa, vilivyoihimili hubaki na kuzaana, na ndivyo utakavyomwambukiza mwenza wako. Kisonono kimeshaishinda penisilini, kikaishinda tetrasaiklini, kikaishinda sipro (siprofloksasini). Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza sipro kwa kisonono mwaka 2016. Mwaka 2018 Uingereza iliripoti mgonjwa ambaye kisonono chake hakikusikia seftriaksoni wala azithromaisini kwa kiwango cha juu. Alipona kwa dawa nyingine ya kuingizwa kwenye mshipa. Sasa fikiria aliye mbali na hospitali yenye dawa hiyo.

Muulize muuzaji jina la dawa. Wengi wao watakwepa: "ni mchanganyiko wetu maalumu". Angalia pia asichokuuliza. Hakuulizi kama penisilini inakudhuru, wala kama una mimba, ingawa doksisaiklini mjamzito hapewi hivihivi, wala kama mwenza wako naye ametibiwa. Anauliza tu utatuma hela lini.

Ninaelewa aibu ya kukaa kwenye benchi la kliniki, na ndiyo wanayoifanyia biashara. Lakini wahudumu wa kliniki wanaona magonjwa haya kila siku, na wanapaswa kukutunzia siri.

Kama umeshanunua, usiongeze dozi nyingine. Nenda kituo cha afya na karatasi au kopo ulilopewa, hata kama halina jina, useme umemeza nini na lini. Omba upimwe pia kaswende na VVU. Mwambie mwenza wako naye apimwe na atibiwe, na msikutane kimwili hadi mtakaporuhusiwa na daktari. Dalili zikibaki baada ya matibabu, rudi palepale na uombe mkojo au usaha uoteshwe maabara, ili ijulikane ni dawa gani bado inaua vijidudu hivyo.