MySQL Workbench na dagaa wa mama mdogo: mwezi wangu wa kwanza kuchora kanzidata

Mama mdogo ananunua dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, anaanika, anajaza viroba na kutuma Dar es Salaam na Tabora. Hesabu zake nilikuwa naziweka kwenye Excel, na zilitutosha hadi siku tuliyotafuta deni la mteja mmoja tukamkuta kaandikwa mara tatu: kwa jina la mwanawe, kwa jina la duka lake, na "yule wa Buguruni". Mtu mmoja, madeni matatu, na jumla hakuna anayeijua. Siku hiyo niliamua kutengeneza kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa kwenye majedwali yanayounganishwa.

Nilichagua MySQL Workbench, programu ya kuchora na kusimamia kanzidata za MySQL, kwa sababu toleo la Community ni la bure na inafanya kazi bila intaneti ikishaingia kwenye kompyuta. Ukurasa wa kupakua unakukaribisha ufungue akaunti ya Oracle. Usihangaike, chini kabisa kuna kiungo kidogo cha kupakua hivyo hivyo. Kwenye Windows hakikisha una Visual C++ Redistributable kwanza. Mimi sikusoma masharti, bando likaniishia katikati, nikanunua jingine.

Kuchora kwenyewe ni rahisi. Unafungua modeli mpya, unaweka jedwali kwenye turubai, unalibofya mara mbili, chini panafunguka mahali pa kuandika safu. Kila safu ina visanduku vya kutiki: PK ni ufunguo msingi (safu inayotambulisha kila mstari wa jedwali), NN maana yake isiachwe tupu, AI inajihesabia namba yenyewe. Kanzidata ndani ya modeli mpya hupewa jina mydb. Libadilishe mapema kabla hujalizoea.

Makosa niliyafanya mimi. Namba ya simu niliiwekea INT, aina ya safu ya namba kamili, maana si namba? Sifuri ya mbele ikapotea. Nikajaribu kuanza na 255, ikakataliwa kabisa, kwani INT inaishia 2,147,483,647. Simu ni maandishi, iwekee VARCHAR, aina ya safu ya maandishi.

Kosa la pili lilinila siku nzima. Kuna alama mbili za uhusiano wa mmoja kwa wengi (kama mteja mmoja mwenye mauzo mengi: mteja ni jedwali mama, mauzo ni mtoto), moja inachora mstari wa vipande vipande, nyingine mstari usiokatika. Nilipenda usiokatika kwa sababu unaonekana vizuri. Kumbe huo unaingiza ufunguo wa jedwali mama ndani ya ufunguo msingi wa jedwali mtoto. Nilipofika kwenye jedwali la tatu, ufunguo wake ulikuwa na safu tatu, na mimi sijui zimetoka wapi. Kwa anayeanza, mstari wa vipande vipande unatosha karibu kila mahali.

Nikachapisha mchoro stesheneri, nikampelekea. Mama mdogo hajawahi kusikia neno kanzidata, lakini alifuata mistari kwa kidole kama anayesoma daftari la mikopo. Akasimama kwenye jedwali la mauzo.

"Hapa umeandika kiasi kilicholipwa. Kimoja tu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, mimi natoa mali kauli. Huyu ananipa laki mbili leo, laki na nusu basi likirudi, iliyobaki mpaka mbalamwezi ipite. Utaziandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Jedwali la malipo lilizaliwa pale pale, kwa kalamu, pembeni ya karatasi. Kabla sijaikunja akauliza tena: na dagaa wa boti mbili wakianikwa pamoja wakaingia kiroba kimoja? Hiyo ni wengi kwa wengi: boti moja viroba vingi, kiroba kimoja boti nyingi. Workbench ina alama yake, na ukiitumia inatengeneza jedwali la katikati yenyewe. Langu ililiita boti_has_kiroba, Kiswahili na Kiingereza chungu kimoja. Nimelibadilisha.

Faida niliyoipata kwenye programu hii ni hiyo karatasi. Majedwali ningeweza kuyaandika moja kwa moja kwa SQL, lugha ya kuamuru kanzidata, ila yeye asingeweza kuyasahihisha.

Mchoro ukikamilika, amri ya Forward Engineer inaugeuza kuwa SQL na kuunda majedwali kwenye seva, yaani MySQL yenyewe inayotunza data. Tahadhari moja: faili la .mwb, linalohifadhi mchoro, si kanzidata. Ukiongeza safu kwenye mchoro, seva haina habari hadi uipelekee mabadiliko kwa Synchronize Model. Nilipoteza jioni moja nikitafuta safu ambayo ilikuwa kwenye picha tu.

Anayetumia PostgreSQL, mfumo mwingine wa kanzidata, asiifuate hii, programu yake ya pgAdmin ina sehemu ya kuchora. Na asiyependa kuburuta maboksi ajaribu dbdiagram.io, unaandika majedwali kwa maneno na mchoro unajitokeza kwenye kivinjari, ingawa hapo bando linahusika.

Kwa sasa mama mdogo anataka kulinganisha giza (siku zisizo na mbalamwezi, ambazo dagaa huvuliwa) la mwezi huu na la mwezi uliopita, boti ipi ilileta nyingi. Tarehe za giza hazimo kwenye mchoro wangu.