Shangazi yangu aliinuliwa benchini Tsavo, na bado nina hasira

Sitaitaja kambi yenyewe. Iko ndani ya mbuga ya Tsavo, Kenya, na inatazama dimbwi ambalo wanyama huja kunywa. Habari za vyumba, chakula na bei mtazipata wenyewe mkizitafuta. Mimi nimekuja kusema walichomfanyia shangazi yangu, maana tangu turudi nyumbani kila nikikikumbuka damu inanichemka.

Shangazi ni mkulima wa upande wa Mwatate, Taita Taveta. Ameishi na ndovu maisha yake yote, lakini si kwa namna wanavyoishi nao watalii. Amewasikia usiku wakivunja mahindi. Amekesha na majirani, wakipiga madebe na kuwasha mioto ili angalau nusu ya shamba isalimike. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, lakini nendeni mkawaulize wakulima wa Taita Taveta fomu zao zimelala wapi. Kumtazama ndovu ametulia, bila hofu, bila kushika mwenge mkononi, hajawahi. Ndiyo maana nilimpeleka.

Kwa wasiojua, magari hayaruhusiwi kuzunguka mbugani usiku. Giza likishaingia, bahati yako yote iko pale dimbwini, chini ya zile taa kubwa. Anayetaka kuona vizuri huenda mapema akakaa mbele. Tulifanya hivyo. Jua lilikuwa bado halijazama tulipokaa benchi la kwanza kabisa, Shangazi amejifunga leso mabegani, na mabenchi mengine yote yalikuwa matupu.

Wakaja. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa ule udongo wanaojirushia mwilini, na jua la jioni likiwapiga wanazidi kuwaka. Jike mkubwa alitangulia, akasimama, akainua mkonga kunusa upepo, na hakuna aliyesogea mpaka yeye aliposogea. Kulikuwa na mtoto mchanga kati yao. Alifika majini, akapiga magoti, akanywa kwa mdomo. Shangazi akashtuka, akauliza kama ni mgonjwa. Mhudumu aliyekuwa akipita, kijana mwenye adabu, akamweleza, "La, mama, bado hajajua kuutumia mkonga. Hujifunza polepole." Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaniambia, "Kumbe na hawa wana watoto wasiojua kitu." Yule mtoto akasukumwa na dada zake, akaanguka kwenye tope, akaamka, na Shangazi akawa anamwita kwa sauti ya chini kama anayemwita mjukuu.

Hapo ndipo msimamizi alipofika. Hakusalimia. Mwanamke mwenye mvi zote zile, na huyu kijana hakuweza hata kusema shikamoo. Alisema tu, "Nyinyi, pisheni hapa, kuna wageni." Nikamwambia sisi pia ni wageni, na tumelipa. Akasema ni wageni wa kikundi, nafasi yao imehifadhiwa. Nikamuuliza imeandikwa wapi, kwa sababu hapakuwa na kibao wala kikaratasi. Ndipo akasema neno ambalo sitalisahau: "Nyinyi watu wa hapa ndovu mnawaona kila siku."

Kila siku! Shangazi anawaona wapi? Anawaona wakila chakula cha wajukuu wake!

Mimi nilitaka kubaki pale pale na liwe litakalokuwa. Shangazi ndiye aliyeinuka. Aliinuka bila neno, akakunja leso yake, akaenda kukaa nyuma ya nguzo, mahali ambapo alikuwa akiona mgongo wa mtu na kipande cha dimbwi. Wale wageni wakaja na glasi zao, wakiongea kwa sauti, kamera zikimulika. Sauti husafiri mbali juu ya maji, na ndovu husikia kuliko tunavyodhani. Yule jike mkubwa aligeuka, akatandaza masikio, na kundi lote likaondoka kabla halijamaliza kunywa. Wageni siwalaumu sana, maana hakuna aliyewaambia kwamba pale watu hunyamaza. Kazi ya kuwaambia ilikuwa ya yule yule aliyekuwa akihamisha bibi vizee.

Asubuhi nililalamika mapokezi. Nikaambiwa ni "kutoelewana kidogo". Sisi tulielewana naye vizuri sana.

Lakini lazima niseme na hili, la sivyo nitakuwa nimedhulumu. Usiku ule ule, watu wakiwa wamelala, askari wa zamu alitugongea mlango taratibu. "Shikamoo mama. Kifaru amekuja, kama unapenda kumwona." Tukatoka. Mabenchi yote matupu, askari akamkalisha Shangazi mbele kabisa na kumletea blanketi. Alikuwa kifaru mweusi, jike, na mtoto wake akimfuata nyuma. Miaka ya 1960 Tsavo ilikuwa na maelfu ya hawa. Kufikia 1989 majangili walikuwa wamewaacha wasiozidi 20 hivi, na waliosalia walikuwa wameshawekewa hifadhi yenye ua kule Ngulia, ndani ya Tsavo, ili wasiishe kabisa. Shangazi alikuwa binti mdogo walipokuwa wengi. Alikaa pale mpaka wote wawili walipomaliza kunywa, na njiani kurudi chumbani alimwombea dua yule askari na watoto wake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Sasa nasita. Mahali penyewe ni pazuri ajabu, na yule askari na yule mhudumu wanastahili wageni wengi na bahshishi nono. Basi nendeni, lakini ukikalia benchi la mbele usiinuke, hata aje nani.

La, hapana. Nikisema hivyo namwachia yule msimamizi. Mbuga ile imezungukwa na watu wanaopoteza mahindi yao, na wengine wamepoteza ndugu zao, ili ndovu waendelee kuwapo. Mtu wa kwanza kupewa benchi la mbele angekuwa mkulima wa Mwatate. Mpaka wamwombe Shangazi radhi kwa jina lake, na waandike kwenye ukuta kwamba anayefika kwanza ndiye anayekaa, kambi ile sirudi.

Nimemweleza Shangazi hivyo kwa simu. Ameniuliza kama kambi nyingine nazo huwa na kifaru usiku. Nikamwambia si zote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nauli ya kurudi kule ni kiasi gani.